Swali Moja na Mishono Yake: Jinsi "Darwin's Nightmare" Ilivyotengenezwa

Ukikaa Tunduma muda mrefu, foleni ya malori unaizoea mpaka unaacha kuiona. Yanatoka bandarini Dar es Salaam, yanapita Mbeya na Vwawa, yanasimama kusubiri kuvuka kwenda Nakonde. Yakirudi yanashuka na shaba ya Zambia na Kongo. Mgeni akija na kamera ataanza na foleni hiyo. Kisha atapiga nyumba za wageni zilizo kandokando, kisha binti anayeuza mayai ya kuchemsha usiku chini ya taa za semi. Picha tatu tu, na tayari ana tuhuma mkononi kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Ndiyo maana nikitaka kuelewa filamu za hali halisi zinavyofanya kazi, narudi Mwanza, kwenye ile tuliyozoea kuiita filamu ya mapanki.

Jina lake ni "Darwin's Nightmare". Aliitengeneza Hubert Sauper, Mwaustria anayeishi Ufaransa, ikatoka mwaka 2004. Ina dakika 107. Sauper ameeleza kwamba wazo lilimjia mwaka 1997, alipokuwa akifuatilia wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Kongo. Uwanjani Mwanza aliona ndege mbili kubwa: moja imeleta tani 45 za njegere kavu za msaada kwa wakimbizi, nyingine inapaa na tani 50 za samaki kwenda Ulaya. Chakula kinaingia, chakula kinatoka, kwenye lami ileile. Kitu kama hicho ukikiona kwa macho yako huwezi kulala, na mimi simlaumu kwa kukikimbilia.

Alikuja na msaidizi mmoja na kamera ndogo. Udogo huo ulimpa uhuru wa kuingia anakotaka na kujigeuza atakavyo: ndani ya ndege za mizigo walijifanya marubani na wasimamizi wa mizigo, vijijini watu waliwadhani wamisionari, viwandani waliogopwa kama wakaguzi wa usafi kutoka Ulaya. Kamera kubwa yenye taa na watu kumi isingefika chumbani kwa marubani wakati wa kulewa. Gharama yake ni kwamba wengi waliopigwa picha hawakujua wanazungumza na nani.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Filamu haina msimulizi. Kuna maandishi machache kwenye kioo, na kuna sauti ya Sauper nyuma ya kamera ikiuliza. Katika maswali yake yote, moja ndilo uti wa mgongo: ndege hizi zikija Mwanza, zinaleta nini? Anamuuliza rubani, anamuuliza mfanyabiashara wa samaki, anamuuliza mlinzi. Mmoja anasema zinakuja tupu. Mwingine hajui. Mwingine anacheka na kugeuza uso. Kila jibu ukilichukua peke yake ni la kawaida kabisa, kwa sababu ndege ya mizigo kuja tupu ili ibebe minofu si ajabu. Lakini mtazamaji akilisikia swali kwa mara ya nne, ya tano, anaanza kuona kila asiyejibu anaficha jambo: silaha. Kurudia kumefanya kazi ya ushahidi.

Nimeitazama filamu hii mara nyingi, na mara mbili niliizima sauti kabisa. Nampendekezea yeyote anayetaka kujifunza kazi hii afanye hivyo. Bila sauti unaona mishono ya Denise Vindevogel, mhariri wake. Kivuli cha ndege kinateleza juu ya ziwa. Minofu myeupe inapita kiwandani juu ya mkanda. Kisha mapanki, vichwa na mifupa ya sangara, yameanikwa kwenye miti, na funza wanatambaa miguuni pa mwanamke anayeyapanga. Hakuna sentensi inayosema minofu ile imeondoka ili huyu abaki na mifupa. Macho yako yameiunga yenyewe, na jambo uliloliunga mwenyewe ni vigumu sana mtu kukutoa kwalo.

Mshono mkubwa kuliko yote uko karibu na mwisho. Rubani mmoja, kwa sauti ya chini na uso uliochoka, anakiri kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola, kisha akarudi Ulaya na zabibu kutoka Johannesburg. Watoto wa Ulaya wakala zabibu kwenye Krismasi, wale wa Angola wakapata bunduki. Ni ungamo la kweli la mtu anayeumia, na kila ninapofika hapo nasimamisha filamu. Lakini sikiliza jiografia yake: Angola, Johannesburg, Ulaya. Mwanza haimo. Ungamo la safari nyingine limewekwa mahali ambapo swali la Mwanza lilikuwa linasubiri jibu, na mtazamaji akalipokea kama jibu lake.

Hilo ndilo lililostahili kujadiliwa hapa nchini. Filamu ilipoingia kwenye orodha ya wawania Oscar mwaka 2006, na Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani mwaka huohuo, mjadala uliganda kwenye mapanki: yanaliwa na watu au ni chakula cha mifugo? Kulikuwa na maandamano Mwanza. Kule Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia filamu vikali, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamtia hatiani kwa kumkashifu Sauper. Kelele zote hizo zilikuwa juu ya picha: ni za kweli au zimepangwa. Kwa maoni yangu picha ni za kweli. Kilichohitaji kuulizwa ni jinsi zilivyofuatana.

Wala sitaki msomaji adhani hakuna alichokifanya Sauper kwa uadilifu. Kuna dada anayeimba jina la nchi yetu mbele ya marubani, polepole, kama anayeimba peke yake. Baadaye tunaambiwa ameuawa na mteja. Sauper anawaonyesha wenzake picha alizompiga, na kamera inabaki juu ya nyuso zao wakimtazama aliyekwisha kufa akiimba. Hapo hakuna swali wala tuhuma, na mshono ni mmoja tu. Kumbukumbu imerudishwa kwa waliompoteza kabla sisi hatujapewa, na huo ndio ufundi ninaouheshimu kuliko wote katika filamu ile.

Kuna watengenezaji wengine wa ukanda wetu waliochukua mpangilio huo wa nani atazame kwanza wakaufanya msingi wa kazi nzima. Katika "Thank You for the Rain" ya mwaka 2017, Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alipewa kamera na Julia Dahr wa Norwei, akaipiga familia yake mwenyewe kwa miaka kadhaa, ukame na mafuriko, hadi safari ya Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa mwaka 2015. Picha zake zinatikisika, lakini mke na watoto wake hawajikazi mbele ya kamera, kwa sababu anayeishika ni baba wa nyumba. Na katika "The Empty Grave", iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2024, Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner wanaufuata ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, ukitafuta fuvu lake. Kule swali linaulizwa na wenye marehemu. Likikosa jibu, ukimya unawaelemea wao kwanza, nasi tunaukuta tayari una mwenyewe.

Turudi mpakani. Swali la Sauper, ukilileta Tunduma, lina jibu. Lori linabeba nini? Jibu liko kwenye karatasi za mzigo, liko kwenye lakiri ya kontena, na wakala wa forodha atakueleza kwa dakika kumi kipi kinakwenda Lusaka na kipi Lubumbashi. Anayekuja kutengeneza filamu hapa namwomba aanze na wakala huyo na karatasi zake mezani, na aiache sehemu hiyo ndani ya filamu hata kama haina mvuto. Kisha aende kwa dereva aliyelala siku mbili chini ya trela, amuulize anachokijua dereva: posho inayoisha kabla ya zamu yake, familia aliyoiacha Morogoro. Binti wa mayai amwache mpaka usiku wa tatu au wa nne, akishanunua mayai mara kadhaa, na akimpiga picha, amwonyeshe kwenye kioo cha kamera kabla hajaondoka nayo.