Wapambanuzi wa Chuki

Kiingereza kina maneno mengi ya kutaja ubaya ulio kati ya mtu na mtu: enmity, hostility, animosity, rancour, malice, spite, grudge. Mwanafunzi wetu huyakuta yote yamefasiriwa kwa chuki au uadui, akayakariri, akapita. Lakini wapo watu waliokaa na maneno hayo miaka mingi, wakiyatenga moja moja. Ufundi wao ndio ninaotaka kuusifu.

Ninayemweka mbele ni George Crabb, aliyechapisha kitabu chake cha visawe vya Kiingereza mwaka 1816. Crabb hakuridhika kusema kwamba maneno haya yanakaribiana. Aliuliza kila moja linakaa wapi ndani ya mtu. Enmity akaiweka moyoni, imezama na kukomaa. Animosity akaiweka kwenye hamaki, kali na yenye kutaka kulipiza. Hostility akaiweka kwenye matendo. Nikiusoma mgawanyo huo naona jinsi watu wawili wanavyoweza kuishi na uadui mpaka uzeeni bila kurushiana jiwe, na jinsi askari anavyoweza kumfyatulia risasi mtu ambaye hana chuki naye hata chembe.

Mahali pengine akayakusanya malice, rancour, spite na grudge. Hapo ndipo alipofika mbali zaidi. Malice, kwa Crabb, haihitaji kuchokozwa. Imo ndani ya mwenyewe. Rancour lazima itanguliwe na kosa: mtu alikosewa, hakusamehe, na kilichobaki kikaoza. Asili ya neno inamuunga mkono, kwa kuwa rancour na rancid, neno linalotajwa kwa mafuta yaliyochacha, yametoka katika shina moja la Kilatini. Mwenye rancour anaweza kuombwa radhi, kwa sababu jambo lake lina mwanzo. Mwenye malice utamwomba radhi ya nini? Wazee wanaokaa kusuluhisha ndugu waliogombania shamba la urithi huanzia papo hapo: nani alimkosea nani, na lini. Wasipoliona kosa, wanajua wana kazi ya namna nyingine mbele yao.

Kazi hii haifanywi kwa kukisia. Fundi huchukua sentensi za watu wenye lugha yao, akaondoa neno, akaweka jirani yake, akasikiliza kilichoharibika. Grudge unaweza kuwa nayo peke yako, na yule mwingine asiwe na habari. Feud haiwi ya upande mmoja. Wa kushukuriwa kwanza ni Samuel Johnson, ambaye kamusi yake ya mwaka 1755 ilikuwa na maneno zaidi ya 42,000 na mifano ya matumizi yapata 114,000. Alisoma vitabu akiitia mifano hiyo alama, na makarani wake wakainakili katika nyumba ya Gough Square, London. Kwa shehena hiyo, waliokuja baada yake waliweza kubishana kwa ushahidi.

Karibu naye alikuwapo mwanamke ambaye simwoni akitajwa inavyostahili. Hester Thrale alikuwa rafiki wa Johnson kwa karibu miaka 20. Mzee huyo alikula na kulala nyumbani kwake kama jamaa. Mume alipofariki, mjane akampenda Gabriel Piozzi, Mwitalia aliyefundisha muziki, na mwaka 1784 wakaoana. Johnson alimwandikia barua ya ukali mwingi. Naye akajibu kwa heshima, bila kuomba msamaha kwa ndoa yake. Urafiki ulivunjika, na Desemba ya mwaka huohuo Johnson akafa. Miaka 10 baadaye, akiwa Hester Piozzi, alitoa vitabu viwili vya kutenganisha visawe vya Kiingereza katika mazungumzo ya kawaida, akawatunukia marafiki zake wa kigeni waliokuwa wakijifunza fasihi ya lugha hiyo. Naamini aliyepata kuandikiwa barua kama ile na mtu ampendaye anajua, kuliko msomi wa chuoni, kwamba hasira ya rafiki si uadui.

Peter Mark Roget ndiye mwenye jina kubwa kuliko wote hawa. Kitabu chake cha mwaka 1852 kilipanga maneno chini ya vichwa 1,000, upendo ukikabili chuki na urafiki ukikabili uadui. Ni msaada mkubwa kwa mwandishi aliyekwama. Hata hivyo Roget alikusanya tu. Hakusema neno hili linaachana wapi na lile. Kupambanua ni kazi ngumu zaidi, na kwangu mimi ina haki zaidi, kwa kuwa kumwita mwenye kinyongo kuwa ni adui ni kumzidishia kosa.

Uzito wa haki hiyo umo hata katika sheria zetu. Kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na kifungu cha 206 cha Kenya vinaeleza malice aforethought, maneno tuliyorithi kwa Waingereza, yaani dhamira ovu inayofanya kuua kuwe kuua kwa kukusudia. Ndani ya vifungu hivyo chuki si sharti. Aliyejua kwamba tendo lake huenda likaua, na asijali, ameingia humo hata kama hakumchukia marehemu siku moja. Wanasheria waliichukua malice wakaikata upya, mbali na ile ya Crabb, na mahali walipoikata ndipo panapoamua kama mshtakiwa amehukumiwa kwa kuua kwa kukusudia au bila kukusudia.

Nawaomba vijana wanaosoma isimu ya Kiswahili katika vyuo vyetu waichukue kazi hii waifanye kwa maneno yetu. Kinyongo, nongwa, inda, bughudha, husuda, kijicho, uhasama: yapewe kila moja ukurasa wake, pamoja na sentensi za watu wa Lamu, wa Tabora, wa Unguja na wa Bukavu, na aseme mtu kwa ushahidi kila neno linaanzia wapi na linaishia wapi.