Imeishinda nini? Jinsi dawa nne za Ebola zilivyopimwa Beni na Butembo

Nchini Uingereza, mwanafunzi wa udaktari anaweza kuacha wodi kwa mwaka mmoja, akasoma shahada ya famakolojia, kisha akarudi kumalizia udaktari wake. Kama mwaka huo umempa faida, anatoka na tabia moja: akiambiwa dawa imeshinda, anauliza imeishinda nini. Mwenzake wa Butembo hana mwaka wa namna hiyo katika ratiba yake, lakini mfano mzuri wa kujifunzia uko mtaani kwake. Ni jaribio la PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha, lililofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, mashariki mwa Kongo.

Mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Miezi ya kwanza dawa zilitolewa kwa kibali cha dharura, daktari akichagua kutoka kwenye zilizopo. Kwa mgonjwa ni afadhali. Kwa elimu ni giza: aliyepona, alipona kwa dawa, kwa serumu na uuguzi mzuri, au kwa sababu alifika mapema? Tarehe 20 Novemba taasisi ya INRB ya Kinshasa, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na NIAID ya Marekani, zilianza kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Watoto na wajawazito nao waliingizwa.

Hakukuwa na kundi lililonyimwa dawa. Kila mgonjwa alipata matunzo kamili na mojawapo ya dawa zilizoshindanishwa, mwanzoni ZMapp, remdesivir na mAb114, na ZMapp ikawekwa kama kipimo cha kulinganishia. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa sahihi, maana mjini Butembo, ambako wengi waliamini watu wa riposte, yaani timu za kupambana na Ebola, wanaua, nani angekubali mtoto wake apewe maji matupu? Ila una gharama yake. ZMapp yenyewe ilikuwa haijathibitishwa. Afrika Magharibi ilijaribiwa kwa wagonjwa 72 tu: walikufa asilimia 22 kati ya walioipata na asilimia 37 kati ya walioikosa, tofauti isiyotosha kukata shauri. Kwa hiyo PALM inatuambia nani aliishinda ZMapp. Haituambii ZMapp ilikuwa na nguvu kiasi gani.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ambayo wasomaji wengi huiruka. Dawa ya nne, REGN-EB3, iliingia kwa kuchelewa, Januari 2019. Ukisoma matokeo utakuta ZMapp ina namba mbili: asilimia 49.7 ya vifo, na asilimia 51.3. Si kosa la uchapaji. Ya kwanza ni ya wagonjwa wote 169 wa ZMapp. Ya pili ni ya wale 154 walioandikishwa tangu REGN-EB3 ilipoingia. Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu mlipuko hausimami mahali pamoja. Mwishoni mwa Februari vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, tarehe 24 na 27. Mgonjwa wa Novemba na mgonjwa wa Machi hawakufika katika hali moja, wala hawakukuta kituo kilekile. Ukiwalinganisha, unapima kalenda badala ya dawa.

Kabla ya kugawa, waliangalia pia wingi wa virusi. Mashine ya GeneXpert huhesabu mizunguko hadi virusi vionekane; mizunguko michache maana yake virusi ni vingi. Mpaka uliwekwa kwenye 22, ili kila kundi lipate wagonjwa mahututi kwa uwiano unaofanana.

Halafu kuna dozi. Remdesivir huzuia kimeng'enya ambacho virusi hukitumia kujinakili, na ilipaswa kuingizwa mshipani kila siku, kwa siku 10 hadi 14. ZMapp ilihitaji dripu tatu. MAb114, kingamwili iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, ilitolewa mara moja tu, na REGN-EB3 vilevile, kwa kuwa kingamwili hizo hukaa mwilini wiki kadhaa. Darasani huo ni mchoro wa mstari unaoshuka polepole. Katika eneo jekundu, walikolazwa wagonjwa, ni idadi ya safari ambazo muuguzi atavaa mavazi ya kinga na kuingia kutafuta mshipa wa mtu anayetapika.

Tarehe 9 Agosti 2019, kamati huru ilipitia takwimu za wagonjwa 499 na kushauri jaribio lisimamishwe, kwani REGN-EB3 ilikuwa imevuka mstari wa ushindi uliowekwa kabla. Hesabu kamili ikaja Novemba: vifo katika siku 28 vilikuwa asilimia 53.1 kwa remdesivir, 35.1 kwa mAb114, na 33.5 kwa REGN-EB3. Kwa waliofika na virusi vichache, mAb114 ilishusha vifo hadi asilimia 9.9.

Kundi la pili linauma. Kati ya waliokuwa na virusi vingi, asilimia 63.6 walikufa hata kwa REGN-EB3, iliyofanya vizuri kuliko zote. Kila siku ya dalili kabla ya kuandikishwa iliongeza uwiano wa kufa dhidi ya kupona kwa asilimia 11. Je, kingamwili ikichanganywa na remdesivir ingewaokoa baadhi yao? PALM haikupima mchanganyiko, na mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanzia hapo.