Mtoto Hapimwi kwa Nusu

Jina ni vazi la kwanza avishwalo mtoto, na vazi likimbana humuumiza hata ukubwani. Filamu iitwayo Hafu, iliyotolewa mwaka 2013 na mabibi wawili, Megumi Nishikura na Lara Perez Takagi, yaonyesha vazi la namna hiyo nchini Japani. Neno hilo Wajapani wamelitwaa katika Kiingereza, na maana yake ni nusu. Ndivyo aitwavyo mtu ambaye mzazi wake mmoja ni Mjapani na wa pili ni wa taifa jingine. Mabibi hao nao ni katika watu hao, basi walisemalo walijua.

Yumo mtoto wa shule ambaye mama yake ni wa Meksiko, na wenziwe humchokoza. Yumo kijana aliyezaliwa Ghana kwa mama wa huko na baba Mjapani. Kijapani ni lugha yake, walakini watu humwona mgeni. Yumo na mwanamke ambaye baba yake ni Mkorea. Huyu uso wake hautofautiki na wa Wajapani. Alikuwa msichana ndipo alipoijua asili yake, akaingiwa na shaka juu ya nafsi yake. Hapa filamu imefaulu, maana yabainisha kwamba dhiki haitoki katika rangi peke yake, bali katika ndimi na siri za watu wazima.

Ama kasoro yake, yatuonyesha mtoto, kisha watu wazima. Miaka ya kubaleghe twaisikia kwa masimulizi tu. Nayo ndiyo miaka mizito. Sheria ya Japani humtaka aliyekuwa na uraia wa nchi mbili tangu utotoni achague mmoja. Filamu ilipotoka, mwisho ulikuwa miaka 22. Tangu 2022 ni miaka 20. Kijana wa umri huo ndiye niliyetamani kumsikia akijisemea.

Wako wazazi wapendao wana wao waitwe daburu, yaani maradufu. Nia ni njema, lakini mwana si kibaba cha mchele apimwe nusu au mara mbili. Nasi tulitamkao neno chotara kwa wepesi, tuitazame filamu hii pamoja na wana wetu. Na kabla ya kumwuliza mtoto atoka wapi, tumwulize kwanza jina lake.