Deni na Mlipaji: Uhakiki wa Barua ya Sullivan Ballou

Barua aliyoiandika Meja Sullivan Ballou tarehe 14 Julai 1861, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, imezoeleka kusifiwa kama barua ya mapenzi. Sifa hiyo si ya uongo, lakini ni pungufu. Ikichunguzwa fani yake pamoja na maudhui, barua hii ni mfano wa kesi ya madai: inahusu deni, mwenye kudaiwa, na hasa nani atakayelilipa.

Yafaa kumkumbuka mwandishi mwenyewe. Ballou alikuwa mwanasheria, na aliwahi kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Rhode Island. Alikuwa na umri wa miaka 32, mke, na watoto wawili wa kiume. Siku saba baada ya kumwandikia mkewe, Sarah, alijeruhiwa kwa mzinga katika mapigano ya Bull Run, jimboni Virginia, na wiki moja baadaye akafariki. Barua haikuwa imetumwa. Ilipatikana miongoni mwa vitu vyake.

Hoja yake ya kwanza ni nyepesi: kizazi chake kina deni kwa waliomwaga damu katika mapinduzi yaliyoizaa nchi yao, naye yu tayari kulilipa. Lau angeishia hapo, barua ingekuwa hotuba tu. Lakini wakili huyu anageuka na kujihoji. Anakiri kwamba furaha anayoitoa si yake peke yake, bali ni ya Sarah pia. Na kwamba yeye, aliyeonja uchungu wa uyatima, anakaribia kuwaonjesha wanawe uchungu uo huo. Hapa ndipo penye uzito wa kazi nzima: mdaiwa ni mmoja, walipaji ni wengine, nao hawakuulizwa.

Mvutano huo unabebwa na taswira mbili. Mapenzi kwa mke ni kamba nene zimfungazo. Mapenzi kwa nchi ni upepo wenye nguvu unaomchukua, pamoja na vifungo vyake vyote, hadi vitani. Yafaa kuangaliwa kwamba upepo haukati vifungo. Mwandishi hakuutatua mgogoro, aliondoka nao.

Kwa sababu hiyo, toleo fupi lililoenezwa na filamu ya Ken Burns ya mwaka 1990 limeidhuru kazi hii. Limeyaacha maneno ya uyatima na yale ya mwisho kuhusu watoto. Kilichobaki ni kitamu masikioni, ila shauri lenyewe limepotea.

Msomaji aliyezoea wosia kama ule wa Mwana Kupona atatarajia maagizo kwa anayeachwa. Ballou anaagiza machache mno. Zaidi anaomba msamaha. Ni wosia wa mtu asiye na hakika kwamba anayo haki ya kuusia.

Hata hivyo, upungufu mmoja hauna budi kutajwa. Mwanasheria huyu apimaye deni kwa uangalifu hakuwataja kamwe watu wapatao milioni 4 waliokuwa utumwani, ilhali utumwa wao ndio uliokuwa kiini cha vita. Ustaarabu anaoutetea ulikuwa na deni jingine, tena kubwa zaidi, lisilomo katika hesabu yake.

Sarah alifariki mwaka 1917 bila kuolewa tena. Miaka 56 ya ujane ni sehemu ya malipo ambayo barua ilikwisha kuyakiri.