Ua la Pindo na Mahali Pake

Sehemu kubwa ya nakshi ya kanga ni marudio. Ua moja au korosho moja huchorwa mara moja, kisha hurudiwa kuzunguka pindo lote, na pengine tena katika mji, yaani sehemu ya kati, hadi kitambaa kienee. Kulichora ua la kwanza kunataka kipaji. Kulipanga kunataka ufundi wa aina nyingine, ambao ukifanywa vizuri hakuna anayeuona, na ukikosekana kila mvaaji huhisi kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Kanga zilipoenea Unguja na Mombasa katika nusu ya pili ya karne ya 19, nakshi zilipigwa pia kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Huko India, ambako kazi ya vibao ina historia ndefu, vijipini vya chuma kwenye kingo za kibao huacha nukta ndogo kwenye kitambaa, na nukta hizo humwonyesha fundi mahali pa kutua kibao kinachofuata. Baadaye chapa ikahamia viwandani, ng'ambo na nyumbani, kikiwemo kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968. Katika uchapaji wa skrini, kila rangi ikawa na skrini yake, na mchoro mzima ukalazimika kupangwa kwenye karatasi kabla ya tone la rangi kumwagwa.

Mtihani wa mpangaji uko kwenye pembe. Tuseme kanga ina sentimita 150 kwa 110, na kila pembe ina ua kubwa la sentimita 15. Ubavu mrefu unabaki na sentimita 120 za kujaza, ubavu mfupi 80. Hatua kutoka ua hadi ua ikiwa sentimita 8, ubavu mrefu unapokea maua 15 na mfupi 10, bila baki. Hatua ikiwa 9, mambo hubadilika. Ubavu mrefu unapokea maua 13 na kubakiwa na sentimita 3. Zikigawanywa kati yao, kila hatua inaongezeka kwa kiasi kisichofika robo sentimita, na hakuna jicho litakalokamata. Ubavu mfupi unapokea maua 8 na kubakiwa na sentimita 8 nzima. Zikigawanywa hizo, kila hatua inaongezeka kwa sentimita 1, na pindo la ubavu mfupi linapwaya kando ya pindo la ubavu mrefu lililobana. Fundi anayejua kazi haongezi nafasi hapo. Huongeza ua la tisa. Maua 9 yanadai sentimita 81, kwa hiyo kila hatua hupunguzwa kwa milimita 1 na ushei, na pande zote nne zinasomeka kama pindo moja.

Kuna pia suala la uelekeo. Ua lenye jani lililoinamia kulia likizungushwa robo duara kila linapofika pembeni, maua yote hufuatana kama msafara unaoizunguka kanga. Likigeuzwa kama kwenye kioo, pembe mbili hutazamana. Njia zote mbili ni halali, ila lazima moja ichaguliwe na ishikwe mpaka mwisho. Jina, yaani maneno yanayochapwa kwenye kanga, peke yake haligeuzwi, maana herufi zikigeuzwa hazisomeki.

Siku hizi hesabu hii inaweza kukabidhiwa wakala wa akili mnemba. Tangu Model Context Protocol, itifaki ya kumuunganisha wakala na programu nyingine, ilipotolewa mwaka 2024, programu za usanifu kama Figma zimeanza kumruhusu wakala kushika mchoro moja kwa moja. Kila kipande cha mchoro kina namba yake ya utambulisho, upana, kimo, na vipimo viwili vya mahali: umbali kutoka kushoto na umbali kutoka juu. Wakala huomba kipande kinakiliwe, kisha huipa nakala vipimo vipya. Hatua hiyo ya pili ikisahauliwa, nakala inaweza kulala juu kabisa ya ua mama, na mtazamaji akadhani hakuna kilichotokea. Vipimo hivyo pia huhesabiwa kutoka kwenye fremu iliyokibeba kipande. Nakala ikitolewa ndani ya fremu ya pindo na kuwekwa nje, namba zilezile huipeleka kwingine kabisa. Tena kuna nakala zilizofungamana na ua mama, zinazobadilika mama akibadilishwa, na nakala zilizojitenga ambazo lazima zisahihishwe moja moja.

Uwezo huu ni mkubwa, na kazi iliyochukua siku sasa inaweza kukamilika kwa dakika. Lakini wakala hutekeleza alichoambiwa. Akiambiwa arudie ua kila sentimita 9, ataweka 8 kwenye ubavu mfupi na kuacha pengo, au ataweka la tisa na kulipandisha sentimita 1 juu ya ua la pembe, asipoagizwa kuitazama pembe. Kuna mambo mengine ambayo hayamo kwenye faili. Doti, yaani jozi ya kanga, hununuliwa ikiwa haijakatwa, na kitambaa kidogo huliwa na upindaji, kwa hiyo maua yaliyobanwa kwenye ukingo huishia ndani ya mshono. Kanga iliyofungwa kiunoni hulileta jina nyuma, usawa wa makalio au chini kidogo. Likisogezwa juu sana kwenye mchoro, hupotea kwenye mikunjo.

Maarifa hayo yaliishi kwa wachoraji waliokuwa wakiitandika karatasi mezani, wakapima, wakafuta, kisha wakaivaa kanga kwa macho kabla haijachapwa. Mengi hayakuandikwa popote. Kwa hiyo masokoni huonekana kanga ambazo pindo lake limekatwa katikati ya korosho, ambazo pembe mbili zimezungushwa na mbili zimegeuzwa, na ambazo jina limeegemea upande mmoja kwa sababu aliyepanga alihesabu nafasi bila kuhesabu urefu wa maneno. Nakala zote za ua zinalingana barabara, mpaka kwenye petali ya mwisho. Wanaoweza kumwagiza wakala aanzie pembeni, aache nafasi ya mshono, kisha agawe baki, wapo bado.