Mpelelezi wa Redio na Picha Zake za Sinema

Ziko hadithi za masikio na ziko hadithi za macho, wala si kila hadithi ya masikio iwezayo kupelekwa machoni isipate hasara. Jambo hili lajulikana sana katika vihamba vyetu vya Kilimanjaro. Mzee akisimulia habari za zimwi penye moto wa jioni, kila mtoto hujiumbia zimwi lake mwenyewe kwa kadiri ya hofu yake. Lakini mtu akitengeneza zimwi la mbao na matambara, akalisimamisha mbele ya watoto wale wale, wengine watacheka, na mmoja atauliza ni nani aliyeyashona matambara hayo.

Kwa kipimo hiki twataka kuzipima picha tatu za sinema zilizotengenezwa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, habari za mpelelezi aitwaye Dick Barton. Picha hizo ni za zamani, nazo zilitengenezwa kwa fedha kidogo. Twazichagua kwa sababu vijana wa Moshi, kama wenzao wa Dar es Salaam, siku hizi hupiga picha za hadithi kwa kamera ndogo na hata kwa simu za mkononi, na kazi yao ikilaumiwa husema, "Hatukuwa na fedha." Kwa maoni yetu udhuru huo ni mdogo. Hadithi huharibika zaidi pale mtengenezaji anapoliegemea jina lililokwisha kujulikana, akaiacha kazi yenyewe ya kusimulia.

Barton alizaliwa katika redio ya BBC tarehe 7 Oktoba 1946. Aliyetoa shauri la kumwanzisha alikuwa Norman Collins, na waliotunga maneno yake ni Edward J. Mason na Geoffrey Webb. Kila siku ya kazi, saa moja kasorobo jioni, ulipigwa muziki wa haraka wa Charles Williams uitwao Devil's Gallop, yaani Mbio za Shetani, kisha hadithi ikaendelea kwa robo saa tu. Robo saa ikiisha, Barton aghalabu yumo hatarini, na msikilizaji hana budi kungoja kesho. Hadithi ilipopendwa sana, wasikilizaji wake walifika kadiri ya milioni 15. Hata ilipokomeshwa tarehe 30 Machi 1951, vilikuwa vimetangazwa vipande 711.

Nguvu ya hadithi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika vitu vichache: sauti ya Noel Johnson aliyekuwa Barton wa kwanza, mlango ufungwao, hatua za viatu juu ya mawe. Nyumba ya adui ilijengwa na msikilizaji mwenyewe moyoni mwake, bila gharama, wala hapana fundi awezaye kumshinda msikilizaji katika ujenzi huo.

Tena palikuwa na jambo la pili. Wazee wengi wa Uingereza walinung'unika ya kwamba hadithi hii yawadhuru watoto. Basi wakubwa wa BBC waliwawekea watunzi masharti. Barton sharti atumie akili kwanza, na nguvu iwe mwisho, njia za amani zikishindwa. Asivunje sheria ya nchi hata kwa kusudi jema. Aweza kumhadaa adui kwa werevu, lakini asiseme uongo. Asinywe pombe. Wako wanaoyacheka masharti haya, wakisema yalimfanya Barton kuwa mwanafunzi wa shule ya Jumapili. Sisi twaona yaliwasaidia watunzi kuliko walivyojua. Shujaa akikatazwa kuiba, kusema uongo na kupiga ovyo, njia iliyobaki ni kufikiri; na hadithi ya upelelezi, ukiiondolea kufikiri, yabaki ugomvi tu.

Sasa tuje kwenye picha. Sheria ya Uingereza ya 1927 iliyalazimisha majumba ya sinema kuonyesha sehemu fulani ya picha zilizotengenezwa katika himaya ya Uingereza, ili picha za Marekani zisiyajaze yote. Hapo kampuni ndogo zilipata nafasi ya kutengeneza picha fupi za bei ndogo. Mojawapo ya hizo ilikuwa Hammer, iliyoanza 1934 na kuamka tena baada ya vita. Hammer iliona ya kuwa jina lililo katika vinywa vya mamilioni halihitaji kutangazwa, ikalichukua jina la Barton. Kwa njia iyo hiyo ilizichukua kutoka redioni habari za askari PC 49 na za Dr Morelle, picha zilizotoka 1949. Hata kabla yake, mwaka 1946, kampuni ya Butcher's ilikuwa imemtoa redioni mpelelezi Paul Temple wa mtunzi Francis Durbridge.

Picha ya kwanza, Dick Barton: Special Agent, ilitoka 1948. Mwelekezaji wake, Alfred Goulding, ndiye aliyewaelekeza wachekeshaji Laurel na Hardy katika picha A Chump at Oxford ya 1940. Barton ni Don Stannard, mtu wa umbo zuri. Adui wamekusudia kutia vijidudu vya kipindupindu katika maji ya kunywa ya Uingereza. Hebu wasomaji wetu walifikiri jambo hili! Sisi tunaoishi kwa mifereji iteremkayo kutoka msituni twajua ya kuwa aharibuye maji huko juu amekwisha kuziingia nyumba zote zilizo chini, wala hakubisha hodi. Hapa palikuwa na hofu ya kweli, tena isiyohitaji fedha. Lakini picha yalipita jambo hili kwa haraka, ikayarudia mateke na vichekesho. Waliokuwa redioni marafiki wa hatari, Jock na Snowy, wamekuwa watu wa kuchekesha. Twaona ya kuwa mtengenezaji alisadiki kwamba jina la Barton limekwisha kutia hofu, basi yeye hana haja ya kuitia.

Picha ya pili, Dick Barton Strikes Back ya 1949, iliyoelekezwa na Godfrey Grayson, ni bora kupita zote tatu, ijapokuwa fedha zake zilikuwa kidogo vile vile. Adui hapa wana mtambo wa sauti uuao watu. Kijiji kizima chakutwa kimenyamaza, watu wake wamekufa. Wasomaji waone jinsi jambo hili lilivyo rahisi kulipiga picha: njia tupu, na ukimya. Kisha mwisho wa hadithi wafanyika juu ya mnara wa Blackpool, uliojengwa 1894, wenye urefu wa mita 158. Mnara huo haukujengwa na Hammer. Ulikuwapo, unajulikana na kila mtu aliyekwenda pwani ile kupumzika, na kwa hiyo hatari yake yaaminika. Tena silaha ya adui ni sauti, nayo hadithi yenyewe ni mtoto wa redio. Hapa kwa mara moja macho na masikio yanafanya kazi pamoja.

Picha ya tatu, Dick Barton at Bay, ilitoka 1950. Yasimulia mwali wa kuua ulioibwa na majasusi wa kigeni, na mwisho wake ni penye mnara wa taa wa Beachy Head. Bahari na majabali yake ni mazuri, lakini mwali wenyewe hautuogofyi, kwa kuwa twauona ni mashine ya kuchezea. Zimwi la matambara limerudi.

Don Stannard hakuiona picha hiyo ikitolewa. Alikufa katika ajali ya motokaa mwezi wa Julai 1949, na picha za Barton zikakoma naye. Ilikuwa imekusudiwa picha ya nne, ya kumleta Barton Afrika.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Katika picha zile tatu, adui ni mgeni. Aghalabu wamtambua kwa jina lake au kwa matamshi yake kabla hajatenda ovu lolote. Je, mtengenezaji aliyewapa watazamaji wake adui kwa alama hizo, angetufanya sisi kuwa nani katika picha ya Afrika? Hatuwezi kuihukumu picha isiyopigwa, lakini swali ni la haki. Katika Kitabu cha Hesabu wapelelezi kumi na wawili walikwenda Kanaani, wakaona nchi moja. Kumi wakaleta hofu, wawili wakaleta moyo. Kazi ya mpelelezi ni kuleta habari, na hadithi ya mpelelezi huwaletea watu habari ya nani wamwogope. Wazee wa mlima huu walimwona Mangi Meli akinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, kisha wakawaona Waingereza wakiingia Moshi Machi 1916. Walijifunza ya kuwa anayeitwa adui hubadilika bendera ikibadilika. Kijana afunzwaye kumjua adui kwa matamshi yake hataweza kumjua adui asemaye lugha ya nyumbani.

Mpelelezi wetu wa Kiswahili alikuja baadaye, tena kwa njia ya kitabu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimtoa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa 1960, na Bwana Msa ni mtu wa kufikiri kweli kweli. Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Gamba anywa na kufuata wanawake, mambo ambayo masharti ya BBC yasingaliyaruhusu, wala sisi hatuyasifu. Lakini adui wa Gamba hujulikana kwa matendo: ni wale wanaozuia ukombozi wa Afrika, pamoja na Waafrika wenzetu wanaowatumikia. Katika jambo hili Musiba amempita Barton.

Liko jambo moja zaidi ambalo wakulima wa kahawa watalipenda. Mwaka 1948, katika mkutano mjini Birmingham, mkulima mmoja alisimama akasema wakulima nao wanahitaji Dick Barton wao. Kutokana na neno hilo pakatokea The Archers, hadithi ya redio ya watu wa shamba, iliyoanza kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951. Waliopewa kuitunga ni Mason na Webb, wale wale wa Barton, na mwaka ule ule ikachukua saa yake ya jioni. Ng'ombe mgonjwa na mavuno yaliyochelewa vikawekwa penye kamba na bastola, na watu wakaendelea kungoja kesho. Hadithi hiyo ilikuwa ingali ikitangazwa zaidi ya miaka 70 baadaye. Kwetu Radio Tanzania ilifuata njia ya namna hiyo mwaka 1993 ilipoanza mchezo wa Twende na Wakati, habari za uzazi wa majira na UKIMWI, na vijiji vingi vikausikiliza.

Basi, tuseme nini kwa vijana wetu wenye kamera ndogo? Wasione haya kwa ufukara wa vyombo vyao. Kijiji kilichonyamaza katika Strikes Back hakikununuliwa kwa fedha nyingi, nacho chaogofya kuliko mashine zote za At Bay. Watumie vitu vilivyopo: stesheni ya reli ya Moshi, ukungu wa asubuhi migombani, mfereji uliokauka ghafula na watu wa chini wasijue kwa nini. Wasichukue jina la mchezo au la mtu aliyekwisha kupendwa, wakidhani jina litawafanyia kazi. Na kabla ya kupiga picha, wafumbe macho, wamwombe mtu mmoja awasomee hadithi yao kwa sauti. Ikiwa masikio hayangoji kesho, macho nayo hayatangoja.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jina la Barton lilizitembeza picha tatu. Moja tu ndiyo iliyoweza kujiuza yenyewe.