Kuchelewa Kukua: Istilahi Isiyomfikisha Mtoto kwa Mtaalamu

Istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya, wala si kwa utamu wake masikioni. Kwa kipimo hicho, maneno kuchelewa kukua, yanayotumiwa kumweleza mtoto ambaye hajakaa, hajatembea au hajasema katika umri unaotazamiwa, yana kasoro kubwa.

Kasoro yenyewe imo katika kitenzi kukua, ambacho hubeba dhana mbili: kuongezeka kwa mwili na kupata uwezo mpya. Tuchukue mfano wa mama anayefika kliniki na mtoto wa miezi 18 asiyetembea. Asema, "Nesi, mwanangu amechelewa kukua." Nesi ampima mtoto uzito, atia alama kwenye kadi, aona mstari unapanda. "Mama, mbona mtoto anakua vizuri?" Wote wawili wamesema kweli, na mtoto amerudi nyumbani bila ya kuchunguzwa. Huko ataambiwa asubiri tu. Na ngoja ngoja huumiza matumbo, kwani miaka ya mwanzo ndiyo ambayo msaada hufaa zaidi.

Maneno mengine tuliyo nayo hayatuokoi. Taahira ni ndugu wa kitenzi taahari, yaani kukawia. Lakini limekwisha kugeuka tusi, na mzazi hawezi kulitamka juu ya mwanawe. Mtindio wa ubongo hutumiwa kwa ulemavu wa akili na pia kwa ulemavu wa viungo utokanao na kudhurika kwa ubongo, ilhali wengi wenye ulemavu huu wa pili wana akili timamu. Kudumaa ni habari ya kimo.

Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2021, ilizitenga dhana hizo mbili katika jina lake. Hilo ni la kusifiwa. Hata hivyo, neno maendeleo limezoea mno barabara na visima kuweza kumtoka mzazi kinywani akiwa kliniki.

Dawa imo katika lugha ya wazazi wenyewe. Wao huhesabu: kukaza shingo, kukaa, kutambaa, kusimama dede, kutembea. Kila moja ni hatua. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi uchelewaji wa hatua. Atakayedai kwamba hatua ni ya miguu tu akumbuke kwamba tunasema hatua za ujenzi na hatua za kesi. Ubora wake ni kwamba humlazimisha msikilizaji aulize, "Hatua ipi?" Jibu ndilo litakaloonyesha mlango: asiyetembea aonwe na mtaalamu wa tiba ya viungo, asiyesema apimwe kwanza masikio, aliyepoteza maneno aliyokwisha kuyapata apelekwe kwa daktari wa watoto bila ya kukawia.

Tunawaomba wasomaji, hasa wauguzi, walijaribu pendekezo hili mbele ya mizani zao, kisha watuletee maoni.